Tumbo Joto la Mpishi

Mwezi mzima nyumba ile ilizungumzia matumbo ya watu. Tumbo la bwana harusi, tumbo la baba yake, matumbo ya wafanyakazi wenzake, na tumbo la shangazi yake ambalo, kwa maelezo ya mwenyewe, halistahimili hata harufu ya mafuta yaliyokaangiwa mara mbili. Tumbo moja tu halikuzungumziwa, nalo lilikuwa la mpishi. Hilo ndilo lililokuwa linatoboka. Nalisema mapema kwa sababu mimi si mtu wa kufunika habari mbaya kwa habari nzuri, halafu nikamwacha msomaji afunue mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mnene wa mikono, mwembamba wa maneno. Alipikia harusi, mahafali na sherehe za kuwaaga wastaafu. Aliosha mikono hadi kwenye viwiko, na ole wako uonje mchuzi halafu urudishe kijiko kwenye sufuria. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole aliyemwogopa mkewe jikoni na kumpenda kwingine kote. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, ua mrefu mbele, jiko la nje mwishoni mwa ua, na kando ya jiko stoo ya magunia. Ukuta uliizunguka nyumba yote. Kutoka jikoni hadi barabarani palikuwa na njia moja tu, kupita uani, kisha getini.

Miaka ya kusimama mbele ya moto ilikuwa imemla magoti. Kila alfajiri alimeza vidonge vya maumivu, vile vya kununua dukani bila kuulizwa swali, akavisukumia kwa chai ya rangi. Chakula alikula baadaye, au hakula. Wapishi wengi wako hivyo. Hushiba kwa moshi, wakaambiwa wananenepa kwa kuiba minofu.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepika kwenye sherehe ya ofisi fulani. Alipika vizuri. Lakini mwanamke mmoja wa ofisi hiyo, kwa kutaka naye aonekane, alileta bakuli la saladi ya viazi yenye mayonezi na kuliweka dirishani, juani, tangu asubuhi. Mchana wanaume wenye tai walikuwa wamepanga foleni mbele ya choo kimoja, kila mtu akimheshimu mwenzake kwa shida. Mwenye saladi alinyamaza kimya. Na kwa kuwa mtu akiumwa tumbo kwenye sherehe hamtafuti mwenye bakuli, humtafuta mpishi, kuanzia siku hiyo mtaa ulimwita Mama Mbio.

Tulicheka. Jina lilikuwa tamu mdomoni, hilo lazima nikiri. Lakini wateja nao walicheka, kisha wakasema, "Tutakuita," na hawakuita. Akawa anakaa kwenye kigoda uani mchana kweupe, mikono mapajani, mtu ambaye hujapata kumkuta amekaa tangu umjue. Hapo ndipo tumbo lilipoanza. Lilikuwa likimchoma chini kidogo ya kifua, linakuja na kuondoka. Mumewe akimwuliza, alijibu, "Nina tumbo joto tu."

Sasa lugha yetu hii ina mambo yake. Mtu akikwambia ana tumbo joto, huendi kumchemshia dawa. Unamwambia, "Usijali, yatapita," kwa sababu umesikia hofu, hukusikia tumbo. Yeye alikuwa na vyote viwili, na neno moja likavibeba vyote. Hakuna aliyemwuliza ni kipi.

Kisha binti yake akachumbiwa. Ukweni walikuwa wastaarabu, isipokuwa yule shangazi, ambaye mtaa ulimpa jina la Bi Pua kabla hata hajamaliza kikombe chake cha kwanza, maana alikinusa kabla ya kukinywa. Katika kikao cha kupanga sherehe Bi Pua aliweka mkono kifuani, akasema kwa upole unaokata, "Sisi hatuna ubaya na mtu. Lakini chakula tuagize kwingine. Lisemwalo lipo."

Kabla mama hajafungua mdomo, binti akajibu. "Atapika mama yangu. Kama hapiki yeye, sherehe hakuna."

Watu walisema binti ana mapenzi, na ni kweli. Lakini aliweka rehani kila kitu mikononi mwa mtu mwingine. Mgeni mmoja tu akikimbilia chooni, basi binti ataingia kwenye ndoa yake na jina la Mama Mbio mgongoni, na Bi Pua atalirudia kwenye kila sikukuu mpaka wajukuu. Mama aliyajua hayo. Alitikisa kichwa kukubali, na chini ya meza mkono wake ulikuwa umelibana tumbo.

Ikabaki kuchagua chakula. Hilo lilimchukua siku nyingi kuliko ilivyomchukua binti kuchagua mume. Dada mkubwa wa mpishi, mshona nguo, alikuja na tepu yake shingoni, wakakaa jikoni, na kila chakula alichokitaja dada, mpishi alikifukuza.

"Samaki," alisema dada.

"Samaki hasubiri hotuba. Wakianza kushukuru ndugu wa pande zote mbili, ameshabadilika."

"Maharage basi. Maharage ya nazi, nani hapendi?"

"Yatazungumza matumboni, wenyewe wakiwa wamenyamaza. Hapana, dada."

"Nyama ya mafuta?"

"Mzee mkwe anaumwa nyongo."

"Kachumbari."

"Imeoshwa na nani, kwa maji gani? Na mbichi siwezi kuichemsha."

"Mayai?"

Mpishi alimtazama tu. Dada akalirudisha neno.

Pilipili ikaondoka. Maziwa yakaondoka. Keki yenye krimu ikaondoka, pamoja na chochote kinachokaa kwenye bakuli kubwa kikisubiri kijiko cha kila mtu. Mwisho mezani palibaki wali mweupe, wa kupikwa kwa mafungu ili usikae, kuku wa kuchemshwa kwenye tangawizi kisha akapitishwa motoni, karoti na viazi vilivyoiva mpaka vinakatika kwa ulimi, na ndizi mbivu zisizomenywa, kwa sababu ndizi imezaliwa na mfuniko wake.

Dada alikitazama chakula kile kwa huruma. "Mdogo wangu, hiki ni chakula cha mgonjwa."

"Ndiyo. Hata mgonjwa akila, hatapata la kusema."

Dada alicheka mpaka tepu ikaanguka. Mpishi hakucheka. Alikuwa ameinama kidogo, ameegemeza kifua kwenye ukingo wa meza, na alipoulizwa ana nini akasema anasikiliza maji kama yamechemka. Maji hayakuwa yamewekwa.

Alichagua kuku mwenyewe, wakiwa hai. Aliwatazama macho, aliwapuliza manyoya, akawarudisha wawili kwa sababu walisinzia. Mumewe alileta majokofu mawili ya wateja waliokuwa hawajaja kuyachukua, akayawasha siku mbili kabla, akatia kipimajoto ndani na kukisoma kama mtu anayeuguza. Siku ya kuamkia sherehe, saa za alasiri, mpishi alipika sufuria ndogo kutoka kwa kuku walewale, maji yaleyale, viungo vilevile. Wakala watatu, yeye, mumewe na dada yake, sahani zilizojaa, siyo kuonja kwa ncha ya ulimi. Alitaka chakula kikae matumboni kabla ya kukipa jina la chakula. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na tangu siku ya saladi hakuuruka hata mara moja.

Asubuhi ya sherehe aliamka, akameza vidonge vyake, viwili zaidi kwa sababu ya kazi iliyokuwa mbele, kwa chai ya rangi. Wanawake wa kumsaidia walikuwa wameanza kukata karoti uani. Alikuwa anainua mfuniko wa sufuria ya kwanza pale kitu kilipomchoma tumboni ghafla, kama kisu kilichozamishwa hadi kwenye mpini. Mfuniko ukamtoka mkononi ukabingirika sakafuni kwa kelele. Wanawake wakageuka. Alikuwa amepiga magoti, uso wa majivu, jasho linatona puani.

Najua alichokiwaza, kwa sababu alimwambia dada yake dakika ile ile. Hakuwaza kufa. Aliwaza kuku.

"Dada," alinong'ona. "Wewe tumbo lako likoje?"

"Zima. Kwa nini?"

"Umeamka usiku? Hata mara moja?"

"Nimelala kama gogo. We una nini?"

"Kamwite baba watoto."

Fundi alikuja akipiga miayo, akijipangusa macho. Naye akahojiwa. Hapana, hajaenda chooni. Hapana, hakuna kichefuchefu. Kama yupo kuku mwingine wa jana, ataomba, maana njaa inamuuma. Mpishi alimshika shati akamtazama usoni kwa muda, akitafuta uongo wa mapenzi, na hakuuona. Watatu walikula sufuria moja, wawili wazima.

"Basi siyo kuku," alisema. "Kama siyo kuku, ni mimi."

Na akashusha pumzi. Dada yake amenisimulia hilo mara nyingi, na kila mara analisimulia kwa hasira. Anasema mdogo wake alishusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari njema.

"Twende hospitali," alisema fundi.

"Leo?" Alijaribu kutabasamu. "Mama Mbio akilazwa kwa tumbo siku aliyopika mwenyewe, nani atagusa sahani? Ni tumbo joto, baba. Binti yako anaolewa, wewe huna?"

Fundi alikuwa nalo. Baba gani hana? Kwa hiyo alimwelewa, yaani hakumwelewa kabisa. Alimletea kigoda. Mpishi akajikaza kisabuni, akapika akiwa amekaa, akielekeza kwa kijiko, bila kupaza sauti. Wanawake walisema baadaye kuwa hawajawahi kumwona mpole vile, na kwamba upole ule uliwatia baridi. Kila alipotaka kuinuka alishika tumbo, na lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia.

Karibu na adhuhuri maumivu yakapungua. Yalipungua sana. Alijinyoosha, akaosha uso, akabadilisha gauni, akamwambia dada yake, "Unaona? Limepoa." Nimewahi kusikia wauguzi wakisema kuwa tumbo lililotoboka hufanya hivyo, humpa mtu nafasi ndogo ya kupumua, na kwamba wao wakisikia mgonjwa anasema limepoa, ndipo wanapokimbia. Pale jikoni hapakuwa na muuguzi. Palikuwa na mshona nguo aliyefurahi, na fundi aliyekuwa anasoma vipimajoto.

Wageni wakaingia. Ua ukajaa viti, watoto, marashi na viatu vinavyobana. Bi Pua alikaa meza ya mbele, mkoba magotini. Sahani zilipotoka, alishika paja la kuku kwa ncha za vidole, akalisogeza puani, akanusa, akanusa tena. Meza nzima ikasubiri. Kisha akauma.

Mpishi alimwona kwa upenyo wa mlango wa jikoni. Alisimama pale mpaka Bi Pua alipochukua tonge la pili. Ndipo akageuka, akatembea hadi stoo akishika ukuta, na akaketi chini, mgongo kwenye gunia la mchele.

Mumewe alimkuta hapo. Midomo ilikuwa imekauka, mikono ya baridi, na alikuwa anapumua kwa haraka, pumzi fupifupi, akiogopa kulitikisa tumbo. Fundi si daktari lakini anajua chombo kinachozimika. Akainama ambebe.

Mpishi alimshika kifundo cha mkono. "Unanipitisha wapi?"

"Getini. Gari la bwana harusi lipo nje."

"Utanipitisha katikati ya meza zao? Nimeshika tumbo?"

"Mama, acha hayo."

"Wana chakula mdomoni, baba. Watatema. Watatema mbele ya mwanao." Alikusanya pumzi. "Waache wale. Wakimaliza, tutatoka. Nitatoka kwa miguu yangu."

Fundi alisimama. Huku ni mke wake kwenye gunia, kule ni sauti ya binti yake akicheka kwa maikrofoni. Mimi nisingependa kuwa yeye hata kwa siku moja. Alikuwa amemtii mwanamke huyu jikoni maisha yote, na hii ilikuwa bado jikoni. Akaketi chini kando yake, akamshika mkono, wakasubiri watu washibe.

Na watu walikula. Walikula taratibu, kwa raha, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu. Mchekeshaji wa sherehe alikuwa mtu asiye na haraka, akasimulia kisa cha bwana harusi aliyesahau jina la mkwewe, kisha akakirudia kwa waliochelewa. Wazee wa pande zote mbili walishukuru. Mjomba mmoja alishukuru mara mbili. Dada mtu alipita akichungulia stoo, akaambiwa na mpishi mwenyewe, "Nenda kagawe ndizi." Akaenda kugawa ndizi. Sahani za pili zikaombwa. Ya Bi Pua ilikuwamo.

Mwishowe Bi Pua akasimama, akachukua maikrofoni bila kupewa. "Mimi nina kinywa," alisema, "lakini na haki ninayo. Tumbo langu ni la matatizo, mnalijua wote. Leo limetulia. Aliyepika aje tumwone."

Uani pakalipuka makofi. Kule stoo, fundi akamwinua mkewe. Akapitisha mkono wake kiunoni mwake, dada mtu akashika upande wa pili, na wakatoka hivyo, watatu, kwa hatua ndogondogo. Alikuwa amevaa gauni lake jipya. Wageni walidhani amechoka, au amezidiwa na furaha kama mama yeyote, wakasimama kumpigia makofi meza hadi meza, njia nzima mpaka getini. Wengine waligonga vijiko kwenye sahani tupu. Yeye aliinua mkono kidogo. Hakuutoa mwingine tumboni, akaufunika kwa mtandio, na hakuna aliyeona.

Hospitali walimpokea haraka, hilo niliseme. Daktari alibonyeza tumbo mara moja tu, kisha akaita watu. Alimwuliza fundi maumivu yalianza lini, na fundi akasema tangu mwaka jana, alikuwa na tumbo joto. Daktari akamwambia kwa upole, "Mzee, sikuulizi wasiwasi wake. Nakuuliza tumbo lake." Fundi alikuwa hajawahi kujua kuwa ni maswali mawili. Walimpasua jioni ile. Kidonda kilichochimbwa na vidonge vile vya alfajiri kilikuwa kimetoboa utumbo, na sumu ilikuwa imezunguka tangu asubuhi. Hakuufikia mwanga wa siku ya pili.

Habari ilitembea kabla ya maiti. Mpishi kafa. Kafa kwa nini? Tumbo. Neno hilo lilitosha. Kabla ya saa nne asubuhi zahanati ya mtaa ilijaa watu waliovaa vizuri, wakishika matumbo yaliyokuwa mazima usiku kucha. Mjomba aliyeshukuru mara mbili aliomba dripu. Muuguzi aliwapima mmoja mmoja, akawarudisha mmoja mmoja, hawana kitu, lakini kila aliyetoka alimkuta mwingine mlangoni akiuliza, "Na wewe pia?" Jina la Mama Mbio, ambalo lilikuwa limekufa jana yake kwa makofi, lilifufuka kabla mwenye nalo hajaoshwa.

Msibani tulikaa ua uleule, viti vilevile. Wazee walikuwa wakinong'ona kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi niliwaangalia nikaona methali ni rahisi sana kwa mtu asiyeumwa. Bi Pua alikuwepo, mkoba magotini. Hakusema kuku ni mbaya. Hakusema ni mzuri.

Fundi alitoka ndani. Alikwenda kwenye moja ya yale majokofu, akatoa sufuria ya jana, akaiweka kwenye moto mkali mpaka mvuke ukapanda na mchuzi ukatokota mbele ya macho yetu. Akapakua sahani. Akavuta kiti, akakiweka katikati ya ua ambapo hakuna ambaye hakumwona, akaanza kula. Hakututazama. Alikula wali, akala kuku, akatafuna karoti, machozi yanamtiririka na kuingia chakulani, naye anakula. Alipomaliza akapakua tena.

Binti yake akasogea. Jana nzima alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele akitabasamu kwa picha, na maharusi, kama ujuavyo, huwa hawapati nafasi ya kula.

"Baba," alisema, "niwekee na mimi. Sikukionja."